Kilwa Imesahauliwa Madrasani

Ndugu Waislamu, waulizeni wanafunzi wa madrasa zetu hapa Arusha habari za Baghdad na Cordoba, watajibu. Waulizeni Kilwa, watanyamaza. Wa kulaumiwa ni sisi walimu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika Kilwa. Aliwakuta wakazi wake wengi ni Waafrika weusi, wachamungu, wafuasi wa Imamu Shafii. Sultani wao, al-Hasan bin Sulayman, aliitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake. Dhahabu ya Sofala ilipitia hapo, na vyombo vya Uchina vikashushwa hapo.

Basi anayedai kuwa Uislamu ni mgeni nchini, jibu lake limo Kilwa. Tusipowafundisha watoto wetu, watamjibu nini?