Tuache Kumuuza Punda kwa Ajili ya Ngozi

Ndugu zangu wa Bokoli, tumezoea kusema asante ya punda ni mateke. Mwaka huu mateke yanatoka kwetu. Mnyama aliyekuletea maji kutoka mtoni, akabeba mahindi yako hadi sokoni, karo ya mtoto ikapatikana mgongoni mwake, leo unamkabidhi mgeni wa usiku kwa kuwa amekuonyesha noti!

Hatujasahau. Serikali iliporuhusu vichinjio vya Mogotio, Naivasha, Machakos na Lodwar, punda walianza kutoweka mazizini. Mwenyewe huamka akakuta kamba imekatwa. Akifuata nyayo, anakuta mzoga kichakani, umechunwa, nyama haikuguswa. Ngozi imekwenda China kuchemshwa iwe dawa ya ejiao. Hesabu ya mwaka 2009 ilitukuta na punda zaidi ya milioni 1.8, ile ya 2019 ikakuta milioni 1.2 hivi. Na punda si sungura: hubeba mimba mwaka mzima, akazaa mmoja.

Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Peter Munya, alipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, tukashangilia. Mei 2021 Mahakama Kuu, Naivasha, ikaitengua marufuku. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika walikubaliana Addis Ababa kukomesha biashara hiyo bara zima, na hongera kwao. Sasa Bunge letu litie azimio hilo katika sheria, maana mali bila daftari huisha bila habari. Machifu, nyinyi ndio macho yetu: mtu asiyejulikana anayehamisha punda bila kibali cha afisa wa mifugo asipite. Nawe mwenye punda, usiache mbachao kwa msala upitao. Noti zitaisha kabla ya msimu wa kupanda. Maji utayabeba kwa kichwa cha mkeo.

Na vijana wa mikokoteni wa Chwele na Kitale, siwezi kuwanyamazia. Mna nguvu na bidii, wazazi wenu wanajivunia. Mbona basi mnampakia punda magunia kumi ya mahindi, kila moja kilo 90, kisha kiboko mlimani? Kamba ya nailoni imemla kifua, kidonda kimejaa nzi, naye anavuta. Mnyama aliyembeba Bwana wetu kuingia Yerusalemu! Punguzeni mzigo. Wekeni gunia laini chini ya kamba, mpeni maji kabla ya safari, na kidonda kikitokea, apumzike hadi kipone.