Misri ni Mbali, Hyrax Hill ni Hapa Barabarani

Muulize kijana yeyote wa Nakuru akutajie hekalu la kale. Atakwambia piramidi, na piramidi si hekalu, ni kaburi. Akijikaza zaidi atataja Karnak, kwa sababu ameona video ya mtu akizunguka kati ya zile nguzo 134 za ukumbi mkubwa, simu mkononi. Sasa muulize ni nani walioishi hapa Nakuru miaka 3,000 iliyopita. Atakutazama kama umemuuliza namba yake ya siri ya M-Pesa.

Sina ugomvi na Karnak. Ujenzi wake ulianza miaka kama 4,000 iliyopita, na kila mfalme aliyeingia akataka kuongeza lango lake, ukuta wake, jina lake, kazi ikaendelea kwa karibu miaka 2,000. Wamisri wanajua walichonacho. Bwawa la Aswan lilipotishia kuyazamisha mahekalu ya Abu Simbel, yalikatwa vipande vipande na kupandishwa juu ya mlima kati ya 1964 na 1968, na mataifa mengi yakachanga pesa kupitia UNESCO. Hiyo ni heshima. Mtu akidunduliza hela zake akaenda Luxor, aende salama na arudi na picha nzuri.

Ugomvi wangu ni na sisi tunaopita Hyrax Hill kwa matatu kila wiki bila hata kugeuza shingo.

Kile kilima kiko kilomita kama nne kutoka katikati ya Nakuru, kando ya barabara ya Nairobi. Jina lake limetokana na pimbi, wale wanyama wanaojificha kwenye mianya ya mawe. Louis Leakey alikiona mwaka 1926. Mary Leakey akachimba hapo 1937 na 1938. Mwaka 1943 kikatangazwa rasmi kuwa eneo la kuhifadhiwa, na 1965 nyumba ya walowezi waliokuwa na lile shamba ikafunguliwa kuwa makumbusho. Ndani ya uwanja mmoja kuna makaburi ya wafugaji wa Enzi ya Mawe, kuna mashimo ya wafugaji wa Enzi ya Chuma waliokuja karne nyingi baadaye, na kuna bao lililochongwa kwenye mwamba wenyewe. Kwenye yale makaburi ya zamani, wanawake walizikwa pamoja na sahani za mawe. Wanaume hawakuwekewa kitu. Tafakari hapo kidogo, halafu uniambie tena kuhusu "mila zetu tangu jadi" na nafasi ya mwanamke.

Na Hyrax Hill haiko peke yake. Ukienda mbele kidogo kuelekea Gilgil, karibu na Elementaita, kuna Kariandusi, ambako Leakey alipata mashoka ya mkono mwaka 1928. Mengine yametengenezwa kwa obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, na umri wake unakaribia miaka milioni moja. Ukielekea upande wa pili, kuna pango la Mto Njoro. Familia hiyo hiyo ya Leakey ilichimba hapo 1938, wakakuta watu walichoma maiti wao na kuwaacha na mabakuli ya mawe, vinu, michi na shanga. Hiyo ni miaka kama 3,000 iliyopita. Wakati mafarao wanaongeza kuta Karnak, kuna watu Njoro walikuwa wanaketi usiku wakitoboa shanga za mawe kwa ajili ya wafu wao.

Utasema, "Lakini tulisoma hayo shuleni." Ndiyo, tulisoma. Tulisoma kama orodha. Kariandusi, Olorgesailie, Hyrax Hill, Gamble's Cave, Fort Ternan: taja maeneo matano, alama tano. Misri ilipewa hadithi: Mto Nile, mafuriko, kilimo, wafalme. Sisi tulipewa majina ya kukariri kama namba za basi. Mtoto anayesomea kilomita mbili kutoka kilima hicho anakiandika kwenye karatasi ya mtihani na hajawahi kukikanyaga. Halafu tunashangaa mbona vijana hawajali historia.

Hoja nyingine ninayoisikia sana ni hii: huko Misri kuna kitu cha kuona, huku ni mawe na mashimo tu. Hoja hii inajifanya ni ya macho, lakini imetoka mbali. Mwaka 1933, Mwingereza mmoja anayeitwa Huntingford aliandika kwamba yale mashimo na kuta za mawe za nyanda zetu za juu ni mabaki ya "ustaarabu wa Azania", kazi ya watu waliotoka kaskazini. Yaani Mwafrika aliyekuwa hapo hapo hangeweza. Ilichukua kazi ya watu kama John Sutton, kuanzia miaka ya 1960, kuonyesha kwamba mashimo ya Sirikwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, nyumba zikiwa zimeunganishwa pembeni, na kwamba waliyachimba wafugaji wa hapa hapa, watu wenye uhusiano wa karibu na Wakalenjin wa leo. Zizi. Mtu alichimba ardhi ili ng'ombe wake wasiibiwe usiku wala wasipigwe na baridi. Mimi naona hiyo ni akili, na haikuhitaji farao wa kuwachapa watu viboko ili ijengwe. Ukisema pasipo na nguzo hapana historia, unasema ni wafalme pekee walioishi.

Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawatalipenda. Sisi wenyewe tumeibeba ile hadithi ya kaskazini. Kaa na wazee wa jamii nyingi za magharibi ya Kenya na za Bonde la Ufa, utasikia: sisi tulitoka Misri. Waluhya watakwambia Misri, Wakisii Misri, baadhi ya Wakalenjin pia. Nawaheshimu wazee, na najua simulizi lina kazi yake. Hiyo Misri inaweza kuwa jina tu la mahali pa mbali panapoheshimika. Lakini kijana wa leo anaposhika simu na kutangaza mtandaoni kwamba babu yake alijenga piramidi, anatafuta nini? Anatafuta ukubwa. Ameshafundishwa kwamba bakuli la mawe la Njoro ni kitu kidogo, kwa hiyo anakimbilia ukoo wa kuazima. Lugha za Kibantu zenyewe zinaonyesha zilianzia upande wa mpaka wa Nigeria na Kamerun. Huko hawapendi kwenda, manake hakuna piramidi.

Mngesema haya ni mambo ya vitabu tu, ningenyamaza. Lakini hapa Bonde la Ufa, swali la nani alikuwa hapa kwanza limeua watu. Molo 1992. Njoro 1998. Nakuru na Naivasha 2008. Kila uchaguzi ukikaribia, kuna mwanasiasa anayesimama juu ya gari na kuwaambia watu kwamba kuna wenyeji na kuna madoadoa. Yeye hutegemea kitu kimoja tu: kwamba hujui kilichoko chini ya miguu yako. Hyrax Hill inamjibu. Wafugaji wa Enzi ya Mawe walikuwa hapo, wakaondoka au wakachanganyika na waliokuja. Wakaja watu wa mashimo. Wamasai wakatawala uwanda huu, na jina Nakuru lenyewe limetokana na lugha yao. Reli ikafika 1900. Mkataba wa 1904 ukawahamisha Wamasai, walowezi wakachukua mashamba. Baadaye tukaja sisi wengine, kwa kazi, kwa vyama vya kununua mashamba, kwa ndoa, kwa kutafuta maisha tu.

Sisemi kwa hiyo kila dai la ardhi ni upuuzi. Mkataba wa 1904 una tarehe na una waliodhulumiwa, na kilichochukuliwa kwa karatasi kinaweza kudaiwa kwa karatasi. Ninachosema ni kwamba hakuna tabaka la udongo pale kilimani linalompa mtu ruhusa ya kuchoma nyumba ya jirani. Anayesema "sisi tumekuwa hapa tangu Mungu aumbe dunia" aende kilimani aonyeshe ni tabaka lipi.

Kile kilima kinajua pia habari za ziwa. Maelfu ya miaka iliyopita Ziwa Nakuru lilikuwa kubwa kiasi cha kuungana na Elementaita, na maji yalifika chini ya Hyrax Hill. Tangu mwaka 2010 hivi maji yameanza kupanda tena, yakameza lango kuu la mbuga na nyumba za watu kule Mwariki. Watu walionunua ploti walisema hawajawahi kuona kitu kama hicho. Ardhi ilikuwa imeshaona. Mji unaodharau makumbusho yake huuza ploti ndani ya ziwa.

Mwaka 2011 UNESCO iliorodhesha maziwa yetu, Nakuru, Elementaita na Bogoria, kuwa urithi wa dunia. Yaliingia kwa ajili ya maumbile: ndege, jiolojia, uzuri wa mandhari. Heroe wanastahili. Lakini flamingo ameingia kwenye orodha ya dunia, na yule mama aliyezikwa na sahani yake ya mawe hayuko hata kwenye mazungumzo ya mjini. Desemba 2021 Nakuru ikawa jiji. Tukapata cheti. Jiji ni watu wanaojua walipo.

Nataka nini basi? Kaunti ihakikishe kila mtoto wa shule ya msingi hapa Nakuru anakanyaga Hyrax Hill na Kariandusi kabla ya kumaliza, kwa basi la umma, bila mzazi kutozwa hela. Vibao vya pale viandikwe Kiswahili, na Kikalenjin, na Kimaa, na Gikuyu. Walimu wapewe hadithi ya kusimulia badala ya majina matano ya alama tano. Na wanasiasa wanaopenda kutaja mababu waulizwe hadharani, kwenye mkutano, wakiwa na kipaza sauti: ni mababu gani, wa tabaka lipi?

Wewe unayesoma, usingoje kaunti. Jumamosi panda matatu ya Gilgil au Naivasha, mwambie makanga akushushe Hyrax Hill. Atakuuliza, "Huko kuna nini?" Mjibu kwa sauti, ili gari lote lisikie.