Kisu cha Kukunja cha Tabaka: Je, Faida Yake Yalingana na Bei?



Mkulima mmoja wa skimu, upande wa Mweiga, alitoa kisu mfukoni akakiweka juu ya meza, akataka shauri letu. Alikinunua kwa mchuuzi hapa Ruring'u, si mbali na ule uwanja ambapo Desemba 1963 wapiganaji wa msituni walikuja kuweka silaha zao chini. Alilipa Sh. 3,500/-, na visu vingine vya kukunja vilivyokuwa pale vilikuwa vya Sh. 350/-. Mchuuzi alimwambia kwamba kile ni kisu cha tabaka, chuma kigumu katikati na chuma laini ubavuni, na kwamba hatakinoa mwaka mzima.

Fedha zile zilikuwa za dawa ya minyoo ya kondoo. Akasema moyoni, "Kondoo watangoja kidogo; kisu kizuri hudumu." Akakitumia kukatia kabichi na vitunguu, na kupunguza kwato za kondoo. Mwezi wa tatu kiungo chake kikaanza kucheza. Siku moja, akiwa amelishika guu la kondoo, kisu kikajikunja kikamkata kidole hata mfupa ukaonekana. Wakati huo wana-kondoo wawili walikuwa wamekwisha kufa kwa minyoo.

Tuliyatazama makali ya kisu kile, nayo yalikuwa mazuri kabisa. Kilichoshindwa ni pini ya kiungo. Jambo hilo ndilo tunalotaka wakulima wote walifikiri kabla ya kutoa fedha zao.

Kisu cha tabaka ni nini?

Chuma chenye kaboni kidogo sana ni laini; hupindika wala hakishiki makali. Kikitiwa kaboni kidogo zaidi huwa feleji, yaani chuma kinachoweza kupashwa moto na kuzamishwa majini au katika mafuta kikawa kigumu. Feleji ya kisu huwa na kaboni kama nusu sehemu hadi sehemu moja na kidogo katika kila sehemu 100. Lakini feleji iliyo ngumu sana ina kasoro yake: ukiipiga au kuikunja huvunjika kama chupa. Kwa hiyo mafundi huichukua feleji ngumu wakaiweka katikati, wakaifunika pande mbili kwa chuma laini, kama nyama ndani ya mkate. Feleji hukata, na chuma laini huizuia isivunjike.

Hekima hii ni ya zamani, na chanzo chake kilikuwa umaskini. Hapo kale feleji ilikuwa adimu na ghali mno. Mfua vyuma wa Ulaya hakuweza kutengeneza shoka zima kwa feleji. Alitengeneza shoka la chuma cha kawaida, kisha akaunganisha kipande kidogo cha feleji kwenye makali tu. Huku kwetu pia chuma kilipatikana kwa jasho. Wafua vyuma wa Kikuyu walikuwa wakiosha mchanga mweusi wa mitoni ili wapate madini, wakauyeyusha kwa makaa na mivukuto. Bwana Routledge na mkewe waliieleza kazi hiyo katika kitabu chao cha mwaka 1910 juu ya Wakikuyu. Mtu aliyepata chuma kwa taabu namna hiyo hakutupa hata kipande.

Mwaka 1856 Mwingereza Henry Bessemer alipata hati ya njia yake ya kutengeneza feleji nyingi kwa gharama ndogo, na baada ya hapo bei ya feleji ikashuka sana. Leo ubapa wa kisu kidogo waweza kufanywa kwa feleji tupu kwa fedha kidogo, na kazi ya kuunganisha tabaka imekuwa ndiyo yenye gharama. Angalieni jinsi mambo yalivyogeuka: jambo lililobuniwa ili kupunguza gharama, leo ndilo linaloongeza bei.

Mahali ambapo tabaka hufaa

Hatusemi kwamba tabaka ni uongo. Kwa patasi ya seremala, randa, tezo na shoka, faida yake yaonekana. Vyombo hivyo hupigwa kwa nguvu, tena ubapa wake ni mnene. Kama vingekuwa vya feleji ngumu tupu vingevunjika, au kuvinoa kungekuwa kazi ya siku nzima. Wajapani hutengeneza patasi zao hivyo hata leo, na mji wao wa Miki umejulikana kwa kisu cha kukunja kiitwacho Higonokami, ambacho huuzwa kwa feleji ya kawaida kwa bei ya chini na kwa feleji ya tabaka kwa bei ya juu. Waswidi wa Mora nao wametengeneza visu vya tabaka kwa miaka mingi, lakini vile visivyokunjwa.

Sasa fikirini kisu cha kukunja. Ubapa wake ni mfupi kama kidole. Hukipigi kwa nyundo. Hukatii kuni. Kazi yake ni kukata kamba ya gunia, kukata kabichi, kupunguza kwato, kuchuna ngozi, na kukata vijiti vya kuunganisha miche. Katika kazi hizo zote, ubapa wa feleji nzuri isiyo na tabaka hauvunjiki, ila kwa mtu anayeutumia kubandulia vifuniko vya mikebe, naye hata cha tabaka atakiharibu.

Tena kuna jambo ambalo wachuuzi hawalisemi. Panapokata ni ukingo mwembamba kabisa, na ukingo huo ni feleji ya katikati peke yake. Chuma laini cha ubavuni hakigusi kazi ya kukata. Basi kama visu viwili vina feleji moja, iliyotiwa maji sawasawa, kimoja kina tabaka na kingine hakina, makali yao yatadumu sawa. Ahadi ya kutonoa mwaka mzima haina msingi. Hakuna kisu kinachokata vitunguu vyenye udongo na kwato za kondoo kisichohitaji jiwe.

Ushahidi ni visu vyenyewe ambavyo wakulima wa nchi nyingi wamevichagua. Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890 katika milima ya Savoie, ni feleji moja tu kwenye mpini wa mti. Okapi ilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kuuzwa katika makoloni ya Afrika, na baadaye kazi hiyo ikahamia Afrika Kusini. Nayo ni feleji moja. Kisu chekundu cha Uswisi ni feleji moja isiyoshika kutu. Watu wamevitumia visu hivyo katika mashamba na malisho tangu enzi za babu zao, wala hawakulilia tabaka.

Kisu cha kukunja hufa kwa njia gani?

Ulizeni majirani zenu jinsi visu vyao vilivyokwisha. Wengi watasema kilipotea shambani. Wengine watasema kiungo kililegea, au springi ilikatika, au maji na utomvu viliingia ndani kikashika kutu. Wengine watasema mtoto alikichukua. Ni wachache sana watakaosema ubapa ulivunjika katikati. Basi kwa nini tulipe mara kumi ili kuzuia ajali isiyotokea, na ile itokayo kila siku tuiache bila dawa?

Kuna kisa kingine. Baadhi ya visu vinavyoitwa vya tabaka si vya tabaka kamwe. Vimechorwa mistari kama mawimbi ya maji kwa asidi au kwa mashine juu ya chuma cha kawaida. Ukisugua mahali padogo kwa msasa laini, ukapapaka asidi, na mistari isirudi, umepata picha tu. Katika kisu cha tabaka cha kweli utauona mstari mmoja karibu na makali, ukienda toka shina hadi ncha, pande zote mbili. Kama feleji yake ni ya kushika kutu, ipake maji ya limau ungoje kidogo: feleji ya katikati hugeuka nyeusi kuliko chuma cha ubavuni.

Mtu mmoja ambaye twamruhusu

Yuko mtu ambaye kwake shauri letu ni jingine, naye ni mwenye kitalu anayeunganisha miche kwa riziki. Miparachichi ya Hass na makadamia hupandwa katika Mathira, Othaya na Mukurwe-ini, na kuna wakulima wa kahawa wanaobadilisha mibuni yao ya zamani kwa kuiunganisha na Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, au Batian, iliyotolewa mwaka 2010. Mtu huyo hukata vijiti mamia kwa siku. Kila jeraha la mti sharti liwe laini na bapa, maana pakiwa na mikwaruzo au nafasi katikati, kijiti hukauka na mche hupotea. Makali hafifu yanamla fedha kila saa.

Kwa kazi yake, kisu kilichonolewa upande mmoja tu, chenye feleji ngumu upande ulio bapa na chuma laini upande wa pili, hunoleka upesi na kupata ukingo wa ajabu. Akikinunua, kitarudisha bei yake. Hata hivyo waunganishaji wengi hodari hutumia wembe, au kisu chepesi chenye ubapa wa kubadilishwa, na miche yao hushika vizuri. Kwa hiyo hata kwake si lazima.

Wako watakaotujibu kwamba rahisi ni ghali. Ni kweli, na hatuwashauri kununua kisu kibovu. Tunasema kwamba fedha ya ziada iwekwe mahali pafaapo. Mtu mwenye Sh. 3,500/- aweza kununua kisu imara cha kawaida, jiwe zuri la kunolea lenye pande mbili, chupa ya spiriti, na bado akabakiwa na fedha za dawa ya kondoo.

Mambo ya kutazama dukani

Kwanza, kikunjue kisu ukitikise ubapa kushoto na kulia. Ukicheza, kirudishe.

Pili, tazama kama kina kufuli au pete ya kuzuia ubapa usijikunje. Kwa kazi ya kwato usinunue kisu kisicho na kizuio.

Tatu, kikunje uone kama ncha imeingia yote ndani ya mpini. Ncha iliyotokeza itakuchoma mfukoni.

Nne, mwombe mwenye duka uguse ubapa kwa tupa ndogo karibu na shina. Tupa ikiteleza, feleji imetiwa maji vizuri. Ikila kama inavyokula msumari, hicho ni chuma laini, hata kikiwa na jina gani.

Kukitunza

Noa kidogo kidogo, tena mara kwa mara. Usingoje kife kabisa. Lowesha jiwe, ulaze kisu karibu na jiwe, ukiinue ubavu kidogo tu, na usibadilishe kipimo hicho toka mwanzo hadi mwisho. Ukinoa ubavu mmoja utasikia kwa kidole ukingo mdogo uliojikunja upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa kukivuta juu ya mshipi wa ngozi. Ukimpa fundi mwenye gurudumu la baiskeli, mwambie atie maji na asikandamize, kwa maana makali yakipata moto hata kugeuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha.

Jioni kifute, kikaushe, utie tone la mafuta kwenye kiungo. Ukitoka mti mmoja kwenda mwingine, au mgomba mmoja kwenda mwingine, kifute kwa spiriti au maji ya jiki. Mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria husafiri juu ya kisu kichafu, na ugonjwa hauulizi kama kisu ni cha tabaka.

Shauri letu ni hili. Kwa mkulima wa skimu mwenye ng'ombe wawili, kondoo wachache, viazi na kabichi, feleji ya tabaka katika kisu cha kukunja haistahili bei yake. Nunueni kiungo imara, feleji ya kawaida iliyotiwa maji vizuri, na jiwe. Wazee husema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Hawakusema mwenye kisu cha bei.

Yule bwana wa Mweiga kidole chake kimepona. Kisu chake tulimshauri akipeleke kwa fundi kikazwe pini mpya, naye akafanya hivyo kwa fedha kidogo. Sasa chakata vizuri. Lakini aliporudi kutuonyesha, alisema mwenyewe kwamba pini ile ingekuwa imara tangu mwanzo katika kisu cha Sh. 350/-, wale wana-kondoo wawili wangalikuwa malishoni leo.