Monita au Runinga: Kioo Kimoja kwa Nyumba Nzima



Juma lililopita tulikuwa Kau, ukingoni mwa mto Ozi. Baada ya swala ya Alasiri, mama mmoja alitufikia barazani na suali. Binti yake yuko kidato cha nne, na mjombake amempelekea kompyuta ya mezani kutoka Mombasa, lakini imefika bila kioo. Kakake ataka runinga atazame mpira, na babu yao ataka taarifa ya habari. "Shekhe," alisema, "nina fedha za kitu kimoja tu. Ninunue monita ya kompyuta, ama ninunue runinga waitumie wote?"

Kabla ya kumjibu, ilitulazimu kukumbuka kosa letu. Miaka kadhaa nyuma mzazi mwengine alituuliza suali kama hilo, nasi tukamjibu kwa haraka: nunua monita, kwa kuwa haina chaneli. Tulidhani tumeifungia fitina mlango. Monita ikawekwa chumba cha ndani, kijana akajifungia nayo, na intaneti ikamletea usiku kucha yale ambayo runinga ya sebuleni isingethubutu kuyaonyesha mbele ya mamake. Mzazi yule hakutulaumu. Twajilaumu wenyewe, kwani tulikihukumu chombo tukasahau mahali pa kukiweka.

Basi safari hii tulianza na vyombo vyenyewe. Picha ya kioo hufumwa kwa vidoto vidogo mno viitwavyo pikseli. Runinga nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina vidoto 1366 kwa upana na 768 kwa urefu. Ukipima inchi moja ya kioo hicho, utapata takriban vidoto 49. Monita ya kawaida ya inchi 24 ina vidoto 1920 kwa 1080, na katika kila inchi mna takriban 92. Kwa mtu aliyeketi mbali kidogo akitazama mpira, tofauti hiyo haimdhuru. Kwa msomaji aliye umbali wa mkono mmoja, ni tofauti kubwa. Sisi wenyewe tumejaribu kusomesha kwa runinga ya aina hiyo, tukaona fat-ha na dhumma zikififia, na nukta za herufi zikishikana, hata mwanafunzi asipambanue baina ya taa na thaa. Baadhi ya runinga, aidha, hukata kingo za picha ya kompyuta mpaka zirekebishwe.

Lakini monita nayo ina upungufu wake. Nyingi hazina spika, wala haziwezi kupokea matangazo zenyewe. Upungufu huu wa pili ulikuwa mzito zamani, na sasa umepungua. Tangu Kenya ilipoyaacha matangazo ya analojia mwaka 2015, runinga za zamani nazo hazioni kitu bila king'amuzi. Kazi ya kunasa chaneli imehamia katika kisanduku hicho, na kisanduku chaweza kuungwa na monita pia, iwapo vyote viwili vina tundu la HDMI. King'amuzi chenye zile plagi tatu tu, ya manjano, nyekundu na nyeupe, hakitaingia katika monita nyingi. Ni vyema kukibeba dukani kikajaribiwa kabla ya fedha kutoka mkononi.

Jambo jengine ni umeme. Nyumba ya mama huyu yategemea sola. Monita ya inchi 24 mara nyingi hula chini ya wati 30, na runinga ya inchi 32 mara nyingi huzidi hapo. Tulimwambia asome kibandiko kilicho nyuma ya kila kimoja, kwa sababu betri ikiisha saa mbili za usiku, atakayekosa taa ya kusomea ni yule binti.

Wasomaji wetu wa Kau wanaijua habari ya Belezoni. Wazee waliuchimba mfereji huo katika karne ya 19 ili mashua zipite baina ya mto Tana na Ozi. Ulikuwa njia ya vyombo tu. Mafuriko yakaupanua, hata Tana yenyewe ikaufuata, na leo maji yake yaingia baharini Kipini. Waliochimba walikuwa na haja yao njema, ila maji hayaulizi haja ya mchimbaji. Kila kioo tunachokiingiza nyumbani ni mfereji wa namna hiyo: twauchimba kwa ajili ya masomo au habari, kisha yaja mengine tusiyoyaalika. Kwa hiyo mwenye nyumba hana budi kusimama ukingoni.

Jawabu letu lilikuwa hili. Anunue monita, na spika ndogo za mezani. Aiweke sebuleni, kioo kikielekea mlango, wala isihamishiwe chumbani. Tangu Alasiri hadi Isha ni ya binti na masomo yake. Baada ya Isha iungwe na king'amuzi, babu apate habari, na siku ya mpira kakake apate zamu yake. Kioo kitakuwa kidogo kwake, basi na asogeze kiti. Mtihani wa dadake hausogezeki.

Mama akauliza, "Na babu, ambaye macho yake yamepungua nuru?" Tukamwambia, huyo habari huzisikiliza zaidi ya kuzitazama. Aketi hapo tangu jioni, mjukuu akisoma. Binti atapata mwenzi, na mlango utabaki wazi.

Nyumba nyengine yenye watoto wadogo na isiyo na mwanafunzi wa kompyuta yaweza kuchagua runinga, na isiwe imekosea. Muhimu ni kujua nani ataketi mbele yake, kwa umbali gani, na nani atakuwa karibu naye.

Wabillahi tawfiq.