Adui wa Mgomba Haonekani kwa Macho

Mgomba wenye mkungu unapoanguka shambani huko Rugu, wilayani Karagwe, wapo wanaolaumu upepo na wapo wanaolaumu uchovu wa ardhi. Mara nyingi mhalifu amejificha udongoni: mnyoo asiyefikia urefu wa milimita moja. Huyo hupenya mizizini, akala na kuzaana humo, hata mizizi ikaoza na mgomba ukakosa cha kuushikilia.

Mwaka 1931, nchini Ujerumani, Ernst Ruska na Max Knoll waliunda hadubini ya elektroni ya kwanza. Baadaye wataalamu wa kilimo wa Marekani, huko Beltsville, waliwagandisha minyoo wa mimea kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, wakawatazama bila miili yao kusinyaa. Wapo wasomi wetu wanaoiita kazi hiyo anasa ya matajiri. Hiyo ni kasumba! Miongoni mwa minyoo waliopigwa picha yumo adui mkubwa wa soya. Wenzetu walikuwa wanalinda mashamba yao.

Lakini lipo kosa la pili, nalo ni baya zaidi: kuungojea mtambo huo ndipo kazi ianze. Minyoo wa migomba hutambulika kwa hadubini ya kawaida, na mabaka mekundu na meusi ya mzizi huonekana kwa kuupasua kwa kisu. Kumenya tunguu la chipukizi kabla ya kupanda, kisha kulichovya kwa dakika 20 katika maji ya moto ya nyuzi zipatazo 50 hadi 55, hupunguza sana minyoo. Kituo cha utafiti cha Maruku, karibu na Bukoba, kimeshughulikia wadudu na magonjwa ya migomba kwa miaka mingi. Maarifa yapo, yanayokosekana ni miguu ya kuyafikisha kijijini.

Je, ina faida gani mwalimu kuchora mnyoo ubaoni kwa ajili ya mtihani, ilhali migomba ya shule inaanguka nje ya dirisha? Na ofisa anayeandika taarifa ya njaa bila kuchimbua hata mzizi mmoja, anamtumikia nani?

Mwaka 1972, mjini Iringa, Chama kilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Tamko hilo halikuwalenga wakulima peke yao. Liliwalenga pia wenye kalamu. Nao washike kisu, waipasue mizizi mbele ya wanakijiji, wamwonyeshe kila mtu adui alipo.