Usiitegemee Pua Yako Ukiwa Usingizini

Ndugu mkulima, kila baada ya mavuno nasikia maneno haya: "Magunia yenye vidonge nalala nayo chumbani, wezi wasiyachukue. Gesi ikitoka nitasikia harufu." Kwa maoni yangu, imani hiyo ni hatari kuliko wezi na dumuzi kwa pamoja.

Vidonge vya alumini fosfaidi vikipata unyevu wa hewa na nafaka hutoa gesi ya fosfini. Mara nyingi hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Lakini pua ina tabia mbili. Kwanza, huzoea: ukikaa na harufu kwa dakika kadhaa, huisikii tena ingawa gesi bado ipo. Pili, ukilala, kelele hukuamsha, ila harufu mara nyingi haikuamshi. Na fosfini ikishaingia mwilini, haina dawa maalumu ya kuiondoa.

Kwa hiyo, pua kutosikia kitu si ushahidi kwamba uko salama.

Nafaka yenye vidonge ikae mbali na nyumba mnayolala, chini ya kufuli. Huna ghala? Kausha mahindi vizuri, uyaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, bila dawa yoyote. Wadudu watakufa kwa kukosa oksijeni, na mifuko hiyo unaweza kulala nayo. Mtu akiumwa kichwa, akichefukwa au kubanwa kifua karibu na magunia yenye vidonge, tokeni nje wote na mumuwahishe kituo cha afya.

Gunia likiibwa, utalima tena.