Kapumzike Shelly, lakini usirudi na homa

Msomaji, ikiwa daktari amekuambia upunguze mbio za Nairobi, huna haja ya kwenda ng'ambo kutafuta utulivu. Vuka feri ya Likoni, ambako mwenda kwa miguu halipi hata senti, kisha ushike njia ya Shelly Beach. Maji yakipwa, miamba hujitokeza, na kelele zinazobaki ni za mawimbi na kunguru (kunguru wa Pwani hawana adabu). Lala. Hiyo ni dawa.

Lakini wengi wetu wa bara tukirudi na homa husema ni kubadilisha hewa, tukameza tembe za maumivu na kujifunika blanketi. Huko ni kucheza na maisha. Aliyekulia Nairobi, ambako malaria ni nadra, mwili wake haujajenga kinga. Homa yenyewe huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati umesharudi kazini. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata joto likikukera, na watoto kwanza. Ukishikwa na homa, hata mwezi ukiwa umepita, mwambie daktari ulikuwa Pwani, akupime damu siku hiyo hiyo.